Sekunde Ishirini na Nane

Koos Duim alifunga kifuniko cha kronometa, ile saa ya melini ya kupimia mahali, akajipangusa masharubu, akatoa hukumu yake bila kuulizwa.

"Hii saa ni nzima, Inspekta. Nzima kabisa. Inawahi sekunde tatu tu."

"Tatu?"

"Tatu. Nimeilinganisha na redio leo asubuhi. Siku hamsini tangu iwekwe, imeshuka kwenye mashua ya kuokolea watu, imepanda treni kutoka Ureno, na bado sekunde tatu. Saa ya mama mkwe wangu inakosea zaidi ya hapo kati ya supu na viazi."

Inspekta Ruurd Palsma hakucheka. Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na mbili Januari 1938, na Ijumaa yake Baraza la Uchunguzi lingekaa Amsterdam kusikiliza habari za meli ya mizigo Noordwende. Meli hiyo ilitoka Rotterdam mwishoni mwa Novemba na shehena ya reli za chuma, na tarehe mbili Desemba, saa tatu na nusu asubuhi, ndani ya ukungu, ikapanda miamba ya Berlenga kwenye pwani ya Ureno. Watu kumi na sita waliokoka. Mtia mafuta wa mashine, Huib Stolk, hakutoka chini.

Aliyepima nyota alfajiri ile na kutia alama kwenye ramani ni ofisa wa pili, Lammert Zwiep, kijana wa miaka ishirini na sita. Alama yake iliiweka meli maili tano na nusu nje zaidi, magharibi, kuliko ilipokuwa kweli. Watu wa bandarini walikwisha kumhukumu. Ijumaa angenyang'anywa cheti, na ofisa asiye na cheti hapati hata meli ya kumenyea viazi.

Palsma alitaka kujua jambo moja kabla ya Ijumaa. Kwa nini maili tano na nusu?

Kwanza alikuwa ameishuku dira, maana reli za chuma huivuruga. Akaitupa dhana hiyo. Dira mbovu ingeipeleka meli kombo polepole usiku kucha, lakini alama ya Zwiep ilikosea pale pale alfajiri, nyota zikiwa bado zinaonekana. Tena ilikosea upande mmoja tu. Latitudo yake, yaani kaskazini na kusini, ilikuwa sawasawa kabisa. Longitudo, yaani mashariki na magharibi, ndiyo iliyokwenda na maji. Kijana asiyejua kupima nyota hukosea huku na huku, hachagui upande. Latitudo inaweza kupatikana bila saa nzuri, ila longitudo ni saa tupu. Ndiyo sababu alikuwa amemkabidhi Koos, mtunza saa wa ofisi ya ukaguzi wa meli, ile kronometa iliyookolewa, na ndiyo sababu zile sekunde tatu zilimkera.

"Koos, hii saa tabia yake ni ipi?"

"Inachelewa nusu sekunde kila siku. Imeandikwa kwenye kitabu chake, na mimi nimeihakiki hapa siku saba. Haijabadilika."

"Nusu sekunde, mara siku hamsini?"

"Ishirini na..." Koos aliitazama tena kronometa. "Ishirini na tano."

"Basi leo ilipaswa iwe imechelewa sekunde ishirini na tano. Wewe unaniambia inawahi tatu."

Koos alivuta kiti akakaa. "Ishirini na nane," alisema. "Mungu wangu. Ilitoka bandarini ikiwa mbele sekunde ishirini na nane."

"Na kitabu kinasemaje?"

"Kinasema sifuri."

Palsma alichukua penseli. Sekunde nne za saa ni dakika moja ya longitudo. Ishirini na nane ni dakika saba, na dakika saba kwenye latitudo ya Berlenga ni maili tano na nusu, kasoro kidogo. Alipiga mstari chini ya jibu, akavaa kofia.

"Unakwenda kumkamata?" Koos aliuliza.

"Nakwenda kunywa kahawa kwa Zwiep."

Zwiep na mkewe Aaltje walikuwa wamepanga ghorofa ya tatu ng'ambo ya mto, juu ya ngazi nyembamba ambayo kitanda huwezi kuipitishia. Mtoto alilala ndani ya kapu karibu na jiko. Meza ilijaa karatasi za hesabu, zote hesabu moja: nyota tatu za alfajiri ya tarehe mbili Desemba, zimepigwa upya na upya kwa mwandiko ule ule safi.

"Umezirudia mara ngapi?" Palsma aliuliza.

"Sijui. Mara arobaini." Zwiep alikuwa hajanyoa. "Zinatoka vile vile kila mara. Kosa liko mahali na silioni, bwana Palsma. Natazama mpaka namba zinatembea."

"Kronometa ilisimama Novemba. Kwa nini?"

"Winchi ya kupakia iliangusha fungu la reli sitahani, meli ikaruka. Saa ikasimama. Ikaanzishwa upya tarehe ishirini na tatu."

"Na nani?"

"Mwandiko kwenye kitabu ni wangu."

"Sikukuuliza mwandiko."

"Mimi ndiye mwenye dhamana ya saa. Ofisa wa pili ndiye mwenye dhamana ya saa."

"Vizuri. Redio yenu ilikufa tangu Dakar, kwa hiyo mlikwenda kulinganisha na saa ya duka la saa. Duka lipi?"

"La Verhagen. Pale gatini."

"Saa yao kubwa iko upande gani ukiingia?"

Zwiep alitazama jiko. "Kulia."

"Ukutani au imesimama chini?"

"Ukutani."

Aaltje, aliyekuwa akikata mkate, aliweka kisu mezani kwa kishindo mpaka mtoto akashtuka. "Tarehe ishirini na tatu!" alisema. "Lammert, hujionei huruma, basi nionee mimi. Bwana, tarehe ishirini na tatu saa nne asubuhi mimi nilikuwa nazaa mtoto huyu, na huyu baba yake alikuwa pale pale ulipokaa, mweupe kama jibini, mkunga akimwambia kama unataka kuzimia zimia nje."

"Aaltje."

"Siku tatu alikuwa hapa! Saa gani aliyokwenda kuitazama?"

Zwiep alikusanya karatasi zake akazinyoosha kingo, kisha akazungumza taratibu. Sheria ya kampuni ilikuwa kwamba ofisa haruhusiwi kuondoka melini wakati wa kupakia. Nahodha alikuwa amesikia habari za uchungu wa Aaltje, akamwambia: nenda, saa na ramani nitakutunzia mimi. Aliporudi alikuta kronometa inakwenda na kikaratasi cha nahodha kando yake. Akanakili kwenye kitabu.

"Kwa nini hukulisema hili?"

"Kumfukuzisha kazi mtu aliyenihurumia?"

"Na hukuwaza kwamba huenda saa ndiyo iliyokosewa?"

Zwiep alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi. "Iliwekwa na Nahodha Rienstra," alisema. "Wewe unamjua."

Palsma alimjua. Na mimi msimulizi, niliyeishi miongoni mwa watu hawa miaka mingi, sina budi kusema wazi: katika bandari ile, ambako mabaharia hawasifiani ila mmoja akishazikwa, Douwe Rienstra alisifiwa akiwa hai. Katika tramu, treni ya mjini, Palsma alifungua faili la nahodha ingawa alilijua. Mtoto wa Harlingen, alipanda meli ya mbao akiwa na miaka kumi na minne, kazi yake kupika na kutapika. Vyeti vyote alivipata kwa kusomea kwenye kitanda chake cha melini. Mwaka 1917 meli yake ilizamishwa, akakaa mashuani siku kumi na moja na watu kumi na wanne, hana chombo chochote ila saa ya mfukoni, akawafikisha nchi kavu wote kumi na wanne. Mmoja wao alisimulia kwamba kila jioni nahodha aliwalazimisha kunyoa kwa maji ya chumvi, nao walimchukia sana, na kuchukia huko kukawatia nguvu. Baadaye alifundisha miaka sita katika chuo cha mabaharia kisiwani Terschelling, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana Ruurd Palsma, kabla macho hayajamharibikia na kumleta ofisini. Kisha Rienstra akarudi baharini kwa sababu, alisema, ubao haunuki chochote. Ukurasa wa mwisho uliandikwa na mwenyewe, baada ya ajali: *Mwendo, mahali na usalama wa meli vilikuwa juu yangu. Sina la kumlaumu ofisa yeyote.*

Manahodha wote huandika hivyo. Palsma aliamini kwamba huyu alimaanisha, ila lawama ya jumla isingemwokoa Zwiep. Baraza lingetaka kuonyeshwa kosa lenyewe.

Duka la Verhagen liliendeshwa na mjane wa mwenye duka, mwanamke mfupi mwenye kioo cha ukuzaji kilichoning'inia shingoni. Saa kubwa ilikuwa kushoto, na ilisimama chini.

"Namkumbuka," alisema hata kabla Palsma hajamaliza. "Mrefu, ndevu fupi, maji yanamtiririka kwenye kofia mpaka kwenye sakafu yangu. Nilimwambia ajipanguse. Akarudi nje akajipangusa, akaingia tena, akaomba radhi. Nikasema huyu kalelewa."

"Alifanya nini?"

"Wanachofanya wote. Akasimama mbele ya saa na saa yake ya mfukoni, akalinganisha mara tatu, akaandika. Mara tatu, bwana! Vijana wa siku hizi hutupa jicho moja wakaenda zao."

"Saa yako inaonyesha saa za Uholanzi, sivyo? Si za Greenwich."

"Saa za nyumbani, kwa sababu wateja wangu wengi ni wa nyumbani. Mabaharia nawapa kadi ya kutolea." Alifungua droo akamwekea kadi ndogo iliyochapwa. "Wanatoa dakika hizi, wanapata Greenwich."

Palsma aliivuta kadi karibu na miwani yake. Ilisema: *Toa dakika 20 kamili. Tangu tarehe 1 Julai 1937.*

Aliisoma mara mbili, na mama Verhagen akadhani haelewi.

"Zamani ilikuwa dakika kumi na tisa na sekunde thelathini na mbili," alimwelewesha. "Miaka nenda miaka rudi. Julai serikali ikaona inatia aibu, ikazikamilisha ziwe ishirini. Watu wa nchi kavu hawakujali, nani anajua sekunde zake? Ila mimi niligeuza kila saa ya dukani, wateja wakanicheka wiki nzima."

Kumi na tisa na thelathini na mbili, mpaka ishirini kamili. Palsma hakuhitaji penseli: sekunde ishirini na nane.

"Mama, ulimpa kadi hii?"

"Nilimnyooshea." Mjane aliona haya kidogo kwa niaba ya yule mgeni. "Hakuichukua. Alitabasamu tu, akasema, asante mama, namba hiyo niliwafundisha watu kabla mumeo hajafungua duka. Kwa adabu, lakini. Nami nikaona, mtu wa umri ule, nimfundishe kazi yake?"

Nahodha Rienstra alikuwa anakaa kwa dada yake, katika nyumba yenye sakafu iliyosuguliwa hata ukaogopa kuikanyaga. Dada mtu alileta supu ya njegere akaenda zake. Nahodha alikaa wima, koti limefungwa vifungo vyote.

"Palsma," alisema. "Bado unaandika saba kama moja?"

"Nimejirekebisha, Nahodha."

"Nilikukata alama nyingi. Kula, itapoa. Umekuja kwa ajili ya Zwiep. Nitakwambia nililowaambia wote: kijana hana kosa. Mkondo wa maji ulitusukuma ndani. Sijui ulitoka wapi, sijawahi kuuona mkondo wa namna hiyo pale, lakini ulikuwepo."

"Haukuwepo, Nahodha. Alama ilikosea tangu alfajiri."

"Basi nionyeshe lilipo kosa. Mimi pia nimezirudia nyota zile. Hesabu yake haina doa."

"Mwaka jana mwezi Julai ulikuwa wapi?"

"Mto Gambia. Tunapakia karanga, nusu ya mabaharia wana homa."

"Magazeti ya nyumbani?"

"Ya miezi mitatu nyuma, yamefungiwa nyama." Nahodha alikunja uso. "Usinizungushe, Palsma. Niulize unachotaka kuuliza."

Palsma aliweka kadi ya mama Verhagen kando ya bakuli.

Mzee aliisoma mara moja. Uso wake haukubadilika. Alitoa penseli mfukoni, akageuza kadi, akaandika nyuma yake namba za zamani na namba mpya, akatoa, akagawanya kwa nne, akazidisha. Mkono ulikwenda polepole na sawasawa hadi mwisho, kama alivyofanya ubaoni miaka ile, na wala hakuandika saba iliyofanana na moja. Alipofika kwenye maili aliweka penseli chini.

"Alininyooshea kadi hii," alisema. "Yule mama."

"Ndiyo."

"Nilimcheka."

"Ulitabasamu, amesema. Kwa adabu."

"Stolk alikuwa na miaka thelathini na tisa." Akaigeuza kadi upande uliochapwa. Palsma alitazama supu, maana kumtazama mtu yule wakati ule kulimuuma kuliko alivyotegemea. Kisha akasema alilokuwa amelitayarisha njiani.

"Nahodha, ripoti yangu inaweza kuandikwa kwamba kronometa iliwekwa kwa kipimo cha zamani. Baraza litaridhika. Zwiep atatoka salama. Hakuna anayelazimika kutaja mkono wa nani. Yule mama hajui jina lako. Una miaka arobaini na miwili baharini, na imebaki miwili ustaafu."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wewe ulikuwa mwanafunzi mbaya wa hesabu na mzuri wa uaminifu. Usigeuze sasa." Nahodha alisimama. "Wakiambiwa ni saa tu, mabaharia watamtazama mwenye dhamana ya saa. Watasema aliponea chupuchupu. Atakula na neno hilo katika kila meli mpaka azeeke. Andika Rienstra. Andika kwamba alipewa kadi akakataa. Usiniandikie kwa upole, na lile la kadi usiliache, kwa maana kuna wengine wengi waliokuwa mbali Julai, na wengi wao nimewafundisha mimi. Leo hii hii wapelekee habari manahodha wote walioko bandarini."

"Watakunyang'anya cheti."

"Wasiponinyang'anya nitawauliza kwa nini. Kofia yangu ile pale. Zwiep anakaa wapi?"

Walikwenda kwa tramu, wamesimama. Ngazi ya Zwiep ilimpa mzee taabu. Alipumzika ghorofa ya pili, akajipangusa maji ya mvua kwa leso kabla ya kubisha. Aaltje alifungua. Zwiep aliinuka mezani kwa haraka hadi kiti kikaanguka.

"Nahodha! Aaltje ndiye aliyesema. Mimi sikutaka..."

"Nyamaza, ofisa wa pili, unisikilize." Rienstra alivua kofia akasimama katikati ya chumba kile kidogo kama aliyesimama mbele ya baraza. "Hesabu zako zilikuwa sahihi. Nyota ulizipima vizuri, ramani uliiandika vizuri. Saa ilikuwa mbele sekunde ishirini na nane, na saa niliiweka mimi, kwa kiburi, kwa namba iliyokwisha kufutwa. Stolk hakuuawa na wewe. Ijumaa nitaomba kusema wa kwanza."

Zwiep alikaa sakafuni palepale, mgongo kwenye mguu wa meza, akalia kwa sauti kubwa kama mtoto, machozi ya wiki sita. Aaltje alipiga magoti akamshika kichwa. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Nahodha alibaki amesimama wima, kofia mkononi, mpaka kijana alipomaliza. Ndipo akainama, kwa shida, akampa mkono akamwinua.

"Utapata meli," alimwambia. "Barua yako nitaiandika leo, wakati saini yangu ingali na thamani."

Kwenye ngazi Palsma alisema, "Nikusindikize nyumbani, Nahodha."

"Siendi nyumbani bado. Mjane wa Stolk anakaa mtaa gani?"

Palsma alimtajia. Mvua ilikuwa imezidi.

"Ngoja nikusindikize huko, basi. Ni mbali."

"Hapana, Ruurd," alisema mzee, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake la kwanza. "Huko nahodha huenda peke yake."